Sura ya 7: Ukiambua Ngozi, Saratani Huondoka?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mama mwenye mtoto mwenye ualbino anataka kujua kama kuna dawa ya kuondoa magamba yaliyoanza kuota kwenye paji la uso la mwanawe, kabla hayajawa kidonda. Mzee mwenye ngozi nyeupe, wa Muscat au wa Mombasa, aliyeshinda juu ya maji tangu ujana, anauliza kama madoa ya mikononi yanaweza kubanduliwa pamoja na hatari iliyomo. Dada wa maji ya kunde aliyeona tangazo la pilingi saluni anauliza kama ngozi mpya itakayotoka itakuwa salama kuliko ya zamani.

Hoja iliyo chini ya maswali yote matatu ni moja, nayo si ya kipuuzi: kama jua limeiharibu ngozi ya juu, basi ukiiondoa hiyo ya juu umeondoa na madhara yake.

Jibu fupi ni hili. Kwa baadhi ya watu, kuambua ngozi kwa dawa hupunguza dalili zinazotangulia saratani, na huenda kukapunguza saratani yenyewe. Lakini kazi hiyo hushika nafasi ya tatu. Ya kwanza ni kujua kilichopo kwenye ngozi. Ya pili ni kulizuia jua lisiendelee kuharibu. Sokoni mpangilio umegeuzwa: cha tatu huuzwa kwanza, na mara nyingi huuziwa mtu asiyekihitaji kabisa.

Jina moja, bidhaa tatu

Kuambua ngozi kwa kemikali ni kupaka kiasi kilichopimwa cha tindikali ili tabaka la juu la ngozi life kwa makusudi, libanduke, na jipya liote mahali pake. Saluni na madukani huitwa pilingi. Bidhaa zinazobeba jina hilo ni za aina tatu, na hazifanani:

- Matibabu ya daktari wa ngozi. Hapa dawa hupimwa, muda huhesabiwa, na mgonjwa hufuatiliwa mpaka apone.
- Krimu na maji ya kusafishia uso yenye tindikali hafifu. Hizi huondoa seli zilizokwisha kufa juu kabisa. Ngozi hulainika, lakini seli zilizojeruhiwa na jua ziko chini zaidi.
- Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha rangi. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Huu hauondoi madhara ya jua. Tutaona kwamba huyaongeza.

Katika sura hii, tukisema kuambua tunamaanisha aina ya kwanza tu.

Jua linafanya nini ndani ya ngozi

Ngozi ina matabaka mawili tunayohitaji kuyajua. Ngozi ya juu ni nyembamba sana, na seli zake huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa na kupukutika. Ngozi ya ndani ni nene zaidi. Humo mna mishipa ya damu, mizizi ya nywele, tezi za jasho na nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi.

Jua hutoa mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni. Mionzi hii ikiingia kwenye seli hukata na kupinda DNA, yaani maelekezo ambayo seli huyafuata inapofanya kazi na inapogawanyika. Seli hujirekebisha kila siku, lakini miaka inapopita makosa kadhaa hubaki. Mojawapo ya jeni zinazoharibiwa mara nyingi ni p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isizaliane. Jeni hiyo ikiharibika, seli mbovu huanza kuongezeka bila kizuizi.

Kinga ya asili ni melanini, rangi inayotengenezwa na seli maalumu zilizo sakafuni mwa ngozi ya juu. Vipimo vya maabara vya mwaka 1979 vilionyesha kwamba ngozi ya juu ya mtu mweusi huzuia mionzi kwa kiwango cha karibu 13, huku ya mtu mweupe ikiwa na kiwango cha karibu 3, kwa hesabu ileile inayoandikwa kwenye chupa za losheni ya jua. Ndiyo maana wakulima wengi wa Dodoma au Kitui hushinda juani maisha yao yote bila kupata saratani ya ngozi usoni.

Mtu mwenye ualbino hana kinga hiyo, au anayo kidogo mno. Ngozi yake huanza kuumia tangu utotoni. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye kiwango kikubwa cha ualbino duniani: hukadiriwa mtu 1 kati ya watu 1,400 hivi, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini ni mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo Afrika Mashariki ina idadi kubwa ya watu wasio na melanini wanaoishi chini ya jua la ikweta, na kwao habari za sura hii ni za kufa na kupona.

Saratani tatu na gamba moja

Saratani za ngozi zinazotajwa zaidi ni tatu:

- Saratani ya seli za msingi, inayoanzia kwenye seli za chini za ngozi ya juu. Hukua polepole na ni nadra kusambaa, lakini ikiachwa hula pua, sikio au kope.
- Saratani ya seli bapa, inayoanzia kwenye seli za juu yake. Hii inaweza kusambaa hadi kwenye tezi na viungo vingine. Ndiyo inayoongoza kwa watu wenye ualbino Afrika, hasa kichwani, usoni na shingoni.
- Melanoma, inayoanzia kwenye seli zitengenezazo rangi. Ni nadra kuliko hizo mbili, lakini ni kali zaidi.

Watu weusi nao hupata melanoma, ila kwa kawaida huijia mahali pasipohusika sana na jua: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley aligunduliwa na melanoma kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kuambua uso kusingeweza kumsaidia. Doa jeusi jipya chini ya ukucha au unyayoni, linalotanuka bila wewe kujigonga, ni la kupeleka hospitali bila kungoja.

Kabla ya saratani ya seli bapa kuna hatua ya awali ambayo madaktari huipa uzito mkubwa. Tuiite gamba la jua: baka dogo kavu, lenye ukwaru unaousikia kwa kidole kabla hujauona kwa jicho, hasa kwenye paji la uso, masikio, mdomo wa chini, upara na migongo ya mikono. Ukilibandua, hurudi palepale. Uwezekano wa gamba moja kugeuka saratani ni mdogo, chini ya asilimia 1 kwa mwaka, na mengine hupotea yenyewe. Ila mtu mwenye magamba mengi, mwaka baada ya mwaka, hatari yake hujumlishwa.

*Kwa ufupi: jua huharibu DNA ya seli za ngozi, melanini huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo, asiye na melanini hupata magamba ya jua, na baadhi ya magamba hayo huishia kuwa saratani ya seli bapa.*

Kupalilia shamba zima

Gamba moja likionekana, daktari huweza kuligandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Seli hufa, huumuka lengelenge, gamba huanguka. Kazi huisha kwa sekunde chache.

Lakini ngozi iliyozunguka gamba hilo ilipigwa na jua lilelile kwa miaka ileile. Ni kama shamba lililoota magugu: umeng'oa lililochomoza, ila udongo wote umejaa mbegu. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kutibu eneo zima, paji lote la uso au upara mzima, hata sehemu zinazoonekana safi. Kuambua kwa kemikali ni mojawapo ya njia za kufanya hivyo.

Kinachoifanya njia hii iwe na mantiki ni namna ngozi inavyoota upya. Tabaka la juu likishauawa na tindikali, seli mpya hupanda kutoka kwenye mizizi ya nywele na tezi zilizo chini, mahali ambapo mionzi ilifika kwa shida. Seli hizo zimejeruhiwa kidogo zaidi, kwa hiyo huzaa ngozi yenye hitilafu chache.

Hapohapo pana udhaifu wake. Baadhi ya magamba huteremka kufuata mzizi wa unywele, chini ya kina kinachofikiwa na tindikali. Magamba manene nayo huizuia dawa isipenye. Uso unaweza kupona ukang'aa, na chini yake mbegu mbaya ikabaki.

Kina kitatu cha kuambua

Wazo si geni. Mwaka 1882 daktari wa ngozi Mjerumani, Paul Gerson Unna, alieleza matumizi ya asidi ya salisiliki, resosinoli, fenoli na asidi ya trikloroasetiki kwenye ngozi, na dawa hizo bado zinatumika. Kinachobadilika ni kina.

1. Kuambua kwa juu. Hutumika asidi ya glikoliki, ya laktiki au ya salisiliki. Ngozi huwasha, hubanduka kidogo, na hupona ndani ya wiki moja. Husaidia chunusi na madoa mepesi. Kwa magamba ya jua, peke yake haitoshi.

2. Kuambua kwa kati. Hutumika asidi ya trikloroasetiki ya karibu asilimia 35, mara nyingi baada ya dawa nyepesi ya kuitayarisha ngozi. Ikipakwa, protini za ngozi huganda na uso hugeuka mweupe mbele ya macho ya daktari. Weupe huo ndio unaomwonyesha dawa imefika wapi. Mgonjwa huvimba, ngozi huwa kahawia, hupasuka na kubanduka, na hupona kwa siku 7 hadi 14. Hiki ndicho kina kinachotumika kwa magamba ya jua.

3. Kuambua kwa ndani. Hutumika fenoli pamoja na mafuta ya krotoni. Fenoli huingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo hufanywa hospitali, moyo ukifuatiliwa kwa mashine. Wekundu hudumu miezi. Ni kazi ya wachache sana, na haifai kabisa kwa ngozi nyeusi.

Ona tofauti kati ya ya kwanza na ya pili. Saluni inayotangaza kwamba pilingi yake huzuia saratani kwa kawaida inauza ya kwanza, ambayo haina nguvu hiyo. Na ikiwa inauza ya pili bila daktari, hatari imekuwa kubwa kuliko faida.

Ushahidi unasema nini

Tuanze na upande unaotia moyo. Mwaka 2006 nchini Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 34 waliokuwa na magamba mengi usoni au waliowahi kupata saratani ya ngozi. Wengine walitibiwa kwa kuambuliwa na asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 30, wengine kwa mwanga wa leza, wengine kwa krimu ya florourasili, ambayo ni dawa ya saratani inayopakwa juu ya ngozi. Makundi yote matatu yaliona magamba yakipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na walipata saratani chache kuliko kundi la kulinganisha. Habari njema, ila watu 34 waliogawanywa mafungu ni wachache mno kusimamishia hukumu.

Upande wa pili ni mashindano. Utafiti wa Austria wa mwaka 2017 uliilinganisha tindikali hiyohiyo, ya asilimia 35, na tiba ya mwanga, ambapo dawa hupakwa kisha huamshwa kwa taa maalumu. Tiba ya mwanga ilishinda, na baadhi ya walioambuliwa walibaki na makovu. Uholanzi mwaka 2019, wagonjwa 624 waligawanywa katika matibabu manne ya kupalilia eneo zima. Aliyeibuka mshindi ni krimu ya florourasili. Kuambua hakukuwamo hata kwenye orodha.

Krimu hiyohiyo ilipimwa kwa njia nyingine Marekani, kwa askari wastaafu 932 waliokwishapata saratani za ngozi. Walipaka uso na masikio mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne. Katika mwaka wa kwanza, saratani za seli bapa zilizohitaji upasuaji zilipungua kwa asilimia 75. Baada ya hapo faida ilififia. Somo lake ni muhimu kwa kila njia ya kupalilia, kuambua kukiwamo: shamba huota tena.

Halafu kuna jaribio la Nambour, mji mdogo wa Queensland, Australia. Kuanzia 1992 hadi 1996 wakazi 1,621 walifuatiliwa. Nusu walipewa losheni ya kukinga jua na kuambiwa waipake kila siku, nusu waliachwa na mazoea yao. Saratani za seli bapa zilipungua kwa karibu asilimia 40 kwa waliopaka kila siku. Hawa hawakuambua chochote. Walikinga tu.

Tafiti zote hizi zilifanywa karibu kabisa kwa watu weupe. Faida yake inamhusu mzee mweupe wa Mombasa. Kwa mtu mwenye ualbino, kanuni ya kutibu eneo zima ni ileile, lakini madaktari wa Afrika Mashariki huelekea kwenye kugandisha na krimu, ambazo hazihitaji uangalizi mzito wa siku za kupona. Kwa mtu mweusi asiye na ualbino hakuna ushahidi kwamba kuambua uso kunamwepusha na saratani, kwa sababu saratani anayoweza kuipata haiotei hapo.

*Kwa ufupi: kuambua kwa kati hupunguza magamba ya jua, zipo njia zilizopimwa vizuri zaidi, na hakuna inayodumu kama jua linaendelea kupiga.*

Ngozi nyeusi na gharama yake

Turudi kwa dada wa maji ya kunde. Seli zake za rangi ni hodari, na zikijeruhiwa hujibu kwa kumwaga melanini zaidi. Ndiyo maana chunusi ikipona huacha doa jeusi. Tindikali kali huleta jibu hilohilo usoni kote: badala ya ngozi mpya inayong'aa, anapata mabaka meusi yanayochukua miezi kufifia. Kama tindikali imezama zaidi, seli za rangi hufa na mahali hapo hubaki peupe daima. Kama ukoo wake una makovu yanayovimba na kutanuka, yaani keloidi, anaongeza hatari ya tatu.

Madaktari hupanga ngozi katika aina sita, kwa mizani iliyobuniwa na Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975: ya kwanza huungua daima wala haibadiliki rangi, ya sita ni nyeusi sana na ni nadra kuungua. Wengi wetu tuko ya tano na ya sita. Kwa hizo, kuambua kwa juu kunawezekana kwa uangalifu, kwa chunusi au madoa. Kwa kati ni kwa nadra mno. Kwa ndani ni marufuku. Mtu wa aina hizi akiambiwa aambue ili kujikinga na saratani, anauziwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Mkorogo: kuvua kinga kwa mikono yako

Mkorogo hubandikwa jina la pilingi, na baadhi ya wanaoutumia huamini wanaondoa ngozi iliyochomwa na jua. Kinachotokea ni kinyume. Haidrokwinoni na zebaki huzuia ngozi isitengeneze melanini. Steroidi kali huikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana na kidonda kidogo hakiponi. Zebaki, juu ya hayo, hupenya mwilini na kuumiza figo. Mtumiaji anaivua ngozi yake kinga iliyozaliwa nayo, kisha anatoka nayo juani.

Dakar, Senegali, madaktari wameandika visa vya wanawake weusi waliotumia krimu hizi kwa miaka mingi wakapata saratani ya seli bapa shingoni na sehemu nyingine zinazopigwa na jua, mahali ambapo saratani hiyo ni nadra kwa watu weusi. Visa vichache havithibitishi chanzo, lakini vinaendana na tunachojua kuhusu kazi ya melanini. Serikali za Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye viambata hivi, na Mkataba wa Minamata unapinga zebaki kwenye vipodozi duniani kote. Bado huuzwa, mara nyingi kwenye kopo lisilo na orodha ya vilivyomo.

Aliyekwisha kuzoea asiache ghafla bila ushauri. Steroidi ikikatishwa mara moja, uso huweza kuwaka na kutoka vipele vikali, na wengi hurudia mkorogo kwa sababu hiyo tu. Daktari wa ngozi humpunguzia hatua kwa hatua.

Kinachofanyika Moshi

Tuseme yuko kijana wa miaka 25 mwenye ualbino, fundi baiskeli anayefanyia kazi chini ya mwembe. Ana magamba kumi hivi usoni na kidonda kimoja nyuma ya sikio kisichopona tangu Ramadhani. Anachokihitaji hakiuzwi saluni.

Kaskazini mwa Tanzania angeweza kupelekwa Moshi, hospitali ya KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachoandaa wataalamu kwa nchi nyingi za Afrika. Hatua zingekwenda hivi. Kwanza, ngozi yote ingekaguliwa, utosini mpaka nyayoni. Pili, kidonda cha nyuma ya sikio kingekatwa kipande kidogo na kupimwa kwa hadubini, kipimo kiitwacho biopsi. Kikiwa saratani, hukatwa chote. Ikiwa imezama au imesambaa, mgonjwa huweza kuhitaji mionzi, kama inayotolewa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Tatu, magamba mengine hugandishwa au hupakwa krimu. Nne, anapewa losheni, kofia, na tarehe ya kurudi.

Hapo Moshi hutengenezwa pia losheni ya Kilisun, iliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino wa mazingira yetu na kugawiwa kupitia kliniki. Kenya nayo ina mpango wa serikali wa kuwagawia losheni bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mipango hii haitangazwi kwa mabango yanayometameta, lakini kwa kipimo cha Nambour ndiyo inayokinga watu wengi zaidi.

Sasa fikiria kijana huyo angeanzia kwa mwuza pilingi. Tindikali ingechoma uso wa juu wa kidonda kile, ngozi ikafunga, naye akafurahi kuwa amepona. Chini, saratani ingeendelea kushuka bila kuonekana. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote za kuambua kabla ya kupimwa: inafuta dalili na kuuacha ugonjwa.

Maswali ya kuuliza kabla hujakubali

Kama wewe ni miongoni mwa wanaoweza kufaidika, yaani una ngozi nyeupe au ualbino na magamba mengi yaliyothibitishwa, muulize anayetaka kukuambua:

- Wewe ni daktari wa ngozi? Umekagua ngozi yangu yote?
- Dawa ni ipi, na nguvu yake ni asilimia ngapi?
- Kuna kidonda au kivimbe kinachohitaji biopsi kwanza?
- Kwa nini unaona kuambua kunanifaa kuliko kugandisha au krimu?
- Nimewahi kuugua malengelenge ya mdomo; nitapewa dawa ya kuyazuia?
- Natumia dawa za chunusi, nina keloidi, au ni mjamzito; hilo linabadilisha nini?
- Siku kumi za kupona nitakaa wapi mbali na jua, na nikipata homa au usaha nimwone nani?

Asiyeweza kujibu la pili na la tatu, ondoka. Wala usiagize tindikali mtandaoni ujipake mwenyewe. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya wananchi wake wasinunue dawa za kuambua ngozi zenye nguvu kubwa bila uangalizi wa mtaalamu, kwa sababu ya majeraha ya kuungua na makovu ya kudumu. Huko ni nchi yenye kliniki nyingi za ngozi. Kwetu, aliyeungua Sumbawanga ana safari ndefu kumfikia anayeweza kumtibu.

Fedha yako ianzie wapi

Ngozi iliyotoka tu kuambuliwa ni nyembamba na huungua upesi kuliko ile ya zamani. Asiyeweza kujikinga na jua kabla ya kuambua hataweza baada yake, na atakuwa amejiongezea hatari kwa fedha yake mwenyewe. Kwa hiyo mpangilio wa matumizi uwe hivi:

1. Uchunguzi. Mwenye ualbino akaguliwe ngozi yote angalau kila miezi sita. Mtu yeyote mwenye kidonda kisichopona kwa wiki nne, kinachotoka damu kikiguswa, au doa linalobadilika, aende bila kungoja miezi hiyo.
2. Nguo na kivuli. Kofia ya ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, mikono mirefu, na kazi za nje zisogezwe asubuhi na jioni. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali mno. Mawingu yasikudanganye: mionzi mingi hupenya.
3. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi. Mistari miwili iliyojaa, urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo, kisha kupaka tena kila saa mbili ukiwa nje. Mweusi asiye na ualbino haihitaji kwa ajili ya saratani, ingawa humsaidia madoa yasizidi.
4. Matibabu ya magamba: kugandisha, krimu, tiba ya mwanga, au kuambua, kwa uamuzi wa daktari.
5. Urembo, kama kuna kilichobaki.

Fedha ikiisha kwenye hatua ya tatu, umekwisha kununua sehemu kubwa ya kinga inayoweza kununuliwa. Anayekushawishi uruke hizo tatu uanze na ya nne ana bidhaa ya kuuza, na ngozi itakayolipa deni hilo ni yako.